Betri ya Godoro la Kaka

Wifi yangu hununua vyuma chakavu. Watu wamembandika jina la Mizani, na wala si kwa sababu ya uadilifu. Ni kwa sababu hatoki nyumbani bila ile mizani yake ya ndoano, ananing'iniza chochote kile, anasoma mshale, anataja bei. Ameolewa na kaka yangu wa pili yapata miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo tumegombana mara nyingi kuliko tulivyokula sahani moja. Mimi nauza ndoo na mabeseni kwa jumla, najua kuvuta bei chini mpaka muuzaji aguse paji la uso. Lakini Mizani akianza, mimi hukaa kimya nikasikiliza. Mbele yake siwezi kuyasema haya, maana atanitoza.

Kaka alikuwa mpaka rangi. Alianguka kutoka kwenye jukwaa la ghorofa ya pili, brashi mkononi, na tangu siku ile mwili wake kuanzia kiunoni kwenda chini hauna habari naye. Huu mwaka wa tano. Kichwani ni yuleyule: mbishi, mwingi wa maneno, anadai chai kama mtu aliyeagiza hotelini. Analala kwenye godoro la upepo, lile lenye mirija ya mpira inayojaa na kupungua kwa zamu ili nyama isikae mahali pamoja ikaoza. Godoro hilo lina pampu ndogo, haizidi ukubwa wa mkate, inanguruma chini ya kitanda mchana na usiku. Pampu ikizima, mirija inalegea, na baada ya muda mtu analala juu ya mbao. Mwenye miguu inayosikia angejigeuza. Kaka hasikii.

Na umeme wa mtaani kwetu unajulikana. Unakwenda unapotaka, unarudi unapokumbuka.

Paneli za jua Mizani alikuwa nazo mbili, alizipata nyumba ya wageni ilipobomolewa. Paneli nzima, zimechubuka ukingoni tu. Kilichokosekana kilikuwa betri, na hapo ndipo wifi yangu alipofanya kosa ambalo mtu wa kazi nyingine asingelifanya. Uani kwake kuna lundo la betri zilizokufa, anazinunua kwa kilo na kuziuza kwa wayeyusha risasi. Akajiambia: kwa nini ninunue nzima dukani wakati nina makaburi yamejaa? Akachagua tatu, akazigonga ubavuni kama mtu anayechagua tikiti maji, akamwaga maji ya zamani, akatia tindikali mpya, akaziunganisha.

"Betri haifi, wifi," aliniambia. "Inasinzia."

Zilikaa macho wiki tatu. Halafu usiku mmoja umeme ulikatika, zikasinzia tena, na Mizani naye, aliyekuwa ametoka kupakia lori kutwa nzima, akasinzia pamoja nazo. Alfajiri alikuta godoro bapa kama chapati iliyokaliwa. Juu ya matako ya kaka palikuwa na wekundu wa ukubwa wa kiganja. Siku ya nne wekundu ukawa kidonda.

Kaka Mkubwa, mzaliwa wetu wa kwanza, aliitisha kikao. Ana nyumba yenye vyumba vingi, ana jenereta inayojiwasha yenyewe, na ana sauti ya mtu ambaye jenereta yake inajiwasha yenyewe. Alisimama katikati ya sebule ya Mizani akasema mgonjwa ahamie kwake. Akataka tunyooshe mikono.

Mimi nilinyoosha. Sitajisafisha. Nilikuwa nimechoka kupigiwa simu, nimechoka harufu ya dawa, na nilimwona Mizani amekonda mpaka bangili zinamchezea. Niliona ni hesabu nyepesi: pale pana jenereta, hapa hapana.

Kutoka chumbani kaka akapaza sauti: "Mnaupigia kura mwili wangu kama mwenyekiti wa mtaa? Na mimi mgombea sijaulizwa sera zangu?"

"Sera zako zipi?" Kaka Mkubwa akamjibu kupitia mlangoni.

"Sihami! Nyumba hii nimeipaka rangi mwenyewe mara nne. Kwako nitakuwa fanicha. Watoto wako watanipitia wakienda jikoni, 'shikamoo baba mdogo', basi, kutwa nzima nimeamkiwa na kuachwa."

Mizani hakupaza sauti. Alijifuta mikono kwenye kanga, akaanza biashara.

"Shemeji, nipe miezi mitatu."

"Wiki moja."

"Kidonda chenyewe hakiponi wiki moja, hata kwako. Miezi miwili."

"Mwezi. Na sikiliza, shemeji. Umeme ukikatika tena siku nzima na hiyo pampu ikazima hata dakika moja, naleta gari. Bila kikao."

"Na isipozima?"

"Isipozima, nanyamaza."

"Mpaka lini?"

"Mpaka unichoke!"

"Wote mmesikia," Mizani akatuambia, akatuangalia mmoja mmoja kama anayehesabu mashahidi. Mimi alinikazia zaidi. "Wewe uliyenyoosha mkono, kesho unanisindikiza dukani. Mkono ule ule utabeba betri."

Duka la vifaa vya jua lilikuwa na kioo kisafi na kijana wa watu aliyevaa shati lenye nembo ya jua mfukoni. Si kijana sana, ana mvi tatu nne. Alitupima kwa macho. Mimi nilivaa gauni la kutokea. Wifi yangu alikuwa na vidole vyeusi ambavyo sabuni ilikwisha kuvikatia tamaa. Muuzaji akaniamkia mimi, akanieleza mimi, akanivutia kiti mimi.

"Mwenye shida ni yeye," nikamwambia. "Mimi ni mkono tu."

Akatuonyesha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya risasi, iliyozibwa, imeandikwa mia mbili ubavuni, ndiyo namba ya umeme inaobeba, imekaa chini kama jiwe la msingi. Ya pili ilikuwa ya lithiamu, imeandikwa mia, ndogo, ya buluu, na bei yake ilizidi ile ya kwanza kwa kiasi cha kumfanya mtu akohoe. Mizani akatoa ndoano. Ile ya risasi ilihitaji watu wawili kuinyanyua na mshale ukaenda karibu mwisho: kilo hamsini na tisa. Ile ya buluu ilikuwa kilo kumi na moja na nusu. Akaipima tena. Kumi na moja na nusu.

"Hii mmeikausha?" akauliza.

"Ndiyo ilivyo, mama. Teknolojia."

"Nalipa zaidi, napata nusu ya namba na kilo moja kwa tano? Hata mwenye bucha angeona haya." Akanigeukia. "Na ikifa, wifi, naiuza kwa nani? Ile nyingine hata maiti yake ina bei. Hii ikifa ni takataka ya buluu."

Nilimwona ana haki. Kitu kizito, namba kubwa, bei ndogo, na mwishowe kuna cha kurudisha. Nilikwisha kunyanyua upande mmoja wa lile jiwe. Kilichotuokoa ni mdomo wa muuzaji mwenyewe. Aliona samaki yuko ndani ya kapu, akataka kulifunika kwa sifa.

"Hiyo, mama, ukiiweka, miaka mitano huijui betri inaitwaje."

Mizani akaachia upande wake. Vidole vyangu vikabanwa, nikapiga kelele, hakuna aliyejali.

"Miaka mingapi?"

"Mitano."

Hapo inafaa nieleze jambo la kazi yake. Betri ni kitu kinachoibwa sana, na mnunuzi wa chakavu akikutwa na cha wizi, analala kituo cha polisi. Kwa hiyo Mizani ana mtihani wake. Kila anayemletea betri anamuuliza maswali yaleyale: ulinunua lini, ilikuwa inawasha nini, ilikufa vipi? Mwenye mali anajibu papo hapo, tena kwa uchungu, kwa sababu hakuna asiyekumbuka kitu kilichomla pesa. Mwizi anaanza kuangalia juu. Majibu yote Mizani anayaandika kwenye daftari, ili polisi wakija awe na cha kuwaonyesha. Miaka tisa anaandika. Hakuwahi kulisoma, lilikuwa la kujikinga, si la kujifunza.

Siku ile alilitoa kwenye mkoba, akalifungua juu ya meza ya kioo ya yule bwana, akalowesha kidole.

"Mwenye duka la vinywaji. Mia mbili, kama hiyo yako. Friji. Miezi kumi na minne." Akafunua. "Kinyozi. Mia mbili. Mwaka na miezi miwili. Mwenye nyumba ya ghorofa, televisheni mpaka usiku wa manane, mwaka na nusu. Fundi cherehani… mwaka. Mwalimu, taa mbili tu. Miaka minne na nusu." Akarudi nyuma kurasa kadhaa, midomo ikicheza. "Mtunza stoo, taa moja ya mlangoni, miaka mitano. Haya, mwanangu, hebu nieleze. Kwa nini ya mwalimu iliishi na ya kinyozi ikafa mtoto?"

Muuzaji akakuna shingo. Nadhani hakuwahi kuletewa orodha ya marehemu.

"Ni hivi, mama. Ya risasi haipendi kumalizwa. Ukitumia nusu ukairudishia, inadumu. Ukiikamua mpaka chini kila siku, unaiua mwenyewe. Mwalimu alikuwa anainywea kijiko."

"Kwa hiyo unaniuzia mia mbili nitumie mia?"

"Kwa… kwa kuzingatia matumizi bora, ndiyo."

"Na hii ya buluu?"

"Hiyo unaikamua karibu yote. Kila siku. Haina neno."

"Basi mia kwa mia," akasema Mizani taratibu, na nikaona anaumia, kama mtu anayeng'olewa jino alilolizoea. Maisha yake yote uzito ulikuwa ndio ukweli. "Miaka tisa nimenunua maiti kwa kilo, nikadhani kilo ndizo uhai. Pampu yangu hailali, wifi. Ni kinyozi huyu. Si mwalimu."

Muuzaji akaanza kutafuta kitabu cha risiti. Mizani akamzuia mkono.

"Bado. Za lithiamu zilizonifikia ni mbili. Moja niliifungua, ndani nikakuta seli za kuokota zimefungwa gundi, na mchanga wa kujazia nafasi. Kwa hiyo ama hizi hazifi, ama wenye nazo hawajui pa kuzizikia. Daftari halinisaidii hapo. Niwashie taa."

"Taa gani, mama?"

"Mbili za wati sitini, zile za zamani zinazokula kweli. Unganisha kwenye betri yako na inveta. Nikae nione inazima saa ngapi."

Yule bwana akacheka. Kisha akaona hakuna anayecheka naye. "Mama, hakuna anayejaribu betri kwa kukaa nayo kutwa."

"Atakuwepo kuanzia leo."

"Mwambie mwenzako," akanigeukia.

"Nimwambie nini? Mimi mwenyewe nimeolewa naye kwa upande wa kaka."

Alikaa. Juu ya kile kiti nilichovutiwa mimi, karibu na mlango, balbu mbili zikiwaka mchana kweupe kama za mwendawazimu. Kila mteja aliyeingia aliuliza, na kila aliyeuliza alijibiwa kwa sauti ya kutosha mpaka barabarani: "Namtazama huyu kama maneno yake yana kitu tumboni." Ziliwashwa saa tatu asubuhi, saa saba mchana zikazima. Betri imeandikwa mia. Kwa taa zile ingefikisha muda wa saa tisa, hata nusu haikufika.

"Haikuwa imejaa," muuzaji akasema.

"Asubuhi uliniambia imejaa pomoni."

"Basi ina hitilafu."

"Hitilafu ni yako, yenyewe imesema kweli. Kesho niletee nyingine, usiyoipanga mbele."

Kesho yake akaleta ya kampuni nyingine, aliyoitoa stoo ikiwa na vumbi. Saa mbili asubuhi balbu zikawaka. Saa sita zinawaka. Saa nane muuzaji akainama akamwambia wifi yangu kwa sauti ya chini, "Mama, nikupunguzie uondoke?" Wateja wawili walikwisha kutoka bila kununua, wanasema nao watarudi na balbu zao.

"Punguza," Mizani akajibu, "lakini siondoki."

Akapunguza. Akapunguza tena saa tisa na nusu. Balbu zilizima saa kumi na moja na robo, na Mizani akasimama, akanyoosha mgongo, akamwamuru aandike dhamana kwa mkono na kuigonga muhuri. Haikuwa ile iliyochapwa nyuma ya boksi. Maneno yalikuwa yake: taa mbili za wati sitini zikishindwa kufikisha muda wa saa nane ndani ya miaka mitatu, duka linabadilisha betri bila maswali.

"Hakuna dhamana ya namna hiyo," yule bwana akasema huku akiandika.

Mkono wangu ulibeba. Nayo ilikuwa kilo kumi na mbili tu. Nilishukuru moyoni, usoni nilinuna. Fundi alikuja akaifunga kwenye ukumbi nyuma ya mlango, mbali na joto la bati, akageuza mipangilio ya kidhibiti chaji kuielekeza kwa lithiamu, maana ile ya zamani ilikuwa ya risasi na ingeilisha vibaya. Mizani alimsimamia kila skrubu mpaka fundi akamuuliza kama anataka kuishika bisibisi yeye. Akaishika.

Siku ya kumi na tisa ya ule mwezi upepo uliangusha nguzo mbili upande wa soko. Umeme ukaenda asubuhi. Jioni haujarudi. Kesho yake mbingu zilifunga kama sufuria yenye kifuniko, mvua nyembamba, jua halionekani kabisa. Saa nne Kaka Mkubwa akanipigia simu.

"Naenda kumchukua. Njoo, wewe ulikuwa upande wangu."

Nikapanda gari lake. Nyuma palikuwa na godoro nene limefunikwa turubai, na wanaume wawili wa kubeba. Njiani aliniambia mara moja tu: "Simfanyii ubaya." Nilimwamini. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu hajazoea kuambiwa hapana.

Nyumba ya Mizani ilikuwa na giza la mchana. Hakuna taa, redio kimya, feni imesimama. Kaka Mkubwa akaingia chumbani bila kuvua viatu, akasimama, na wote tukausikia: mngurumo mdogo chini ya kitanda. Mirija ya godoro ikapanda upande mmoja, ikashuka mwingine.

"Shikamoo, kaka," mgonjwa akasema. "Mvua yote hii umekuja kuniamkia? Au umeleta kura?"

"Tangu jana haijazima?"

"Muulize mwenye mali."

Mizani alikuwa mlangoni, ndoo mkononi, hajakaribisha mtu. "Haijazima. Nimezima kila kitu kingine, hata simu yangu nachaji kwa jirani. Inayobaki ndani inatosha leo na kesho, na hata wingu hili paneli zinalilamba kidogo."

"Kesho kutwa je?"

"Kesho kutwa hukuitia kwenye mapatano, shemeji. Ulisema siku nzima. Hii ya pili nakupa nyongeza."

Kaka Mkubwa akapitisha mkono chini ya shuka, akabonyeza godoro, akangoja, likamsukuma mkono. "Na kidonda?"

Hilo ndilo lililotuleta sote, si pampu. Mizani akaweka ndoo chini. Hakubishana. Akafunua shuka, akamshika mume wake begani, akamgeuza kwa ubavu kama anayegeuza gunia la bei kali, taratibu na bila huruma ya kuonyesha.

"Tazameni. Wote. Msije mkasema mmesimuliwa."

Tukainama. Pale palipokuwa na shimo la kuingia kidole palikuwa na ngozi mpya, nyembamba, ya rangi ya maziwa ya chai, imejivuta kutoka pembeni mpaka katikati pamebaki doa dogo kama punje ya mahindi. Kavu. Hakuna harufu. Kaka Mkubwa aliangalia kwa muda mrefu, mikono nyuma.

"Mkimaliza maonyesho," kaka akasema uso ukiwa ukutani, "kiingilio kinalipwa mlangoni."

Mmoja wa wale wabebaji akacheka, akajikohoza. Kaka Mkubwa akanyooka. Nilidhani atatafuta neno jingine, la daktari, la ukoo, la umri. Alisema tu, "Haya, shemeji," akatoka, na wabebaji wakamfuata. Mlangoni aligeuka akaniangalia, anangoja nipande.

"Nenda tu," nikamwambia. "Mimi nitarudi na miguu."

"Mvua."

"Naiona."

Gari likaondoka na godoro lake chini ya turubai. Mizani akanitupia mto. "Umesimama kama nguzo iliyoanguka. Shika miguu tumrudishe chali. Usivute, nyanyua."

Nikanyanyua. Tulipomaliza kaka akajipepea kwa kiganja, jasho linamtoka.

"Sasa mwenyewe ameondoka. Niwashie feni, mke wangu. Hata dakika kumi za ushindi."

"Feni hapana."

"Dakika tano!"

"Jua likitoka."

"Wifi yako ana roho ya chuma," akaniambia mimi.

"Chakavu," Mizani akasema, akachukua ndoo yake akaenda zake uani, ambako mtu alikuwa anabisha hodi na betri begani. Tukamsikia anamuuliza alinunua lini.